Watazamaji wamegawanyika juu ya filamu yangu ya uhalifu. Nimsikilize nani?

Swali: Mwalimu, habari za Kisumu. Mimi ni mwelekezi chipukizi, naishi Nakuru. Mwaka jana tulipiga filamu ya uhalifu ya dakika 84 kwa shilingi 310,000, pesa zetu wenyewe na za marafiki. Inahusu chama cha akina mama wa Kaptembwo ambao wanafungua sanduku lao la akiba na kulikuta tupu, ilhali kufuli zote tatu ziko sawa. Tumeionyesha katika ukumbi wa kanisa hapa Nakuru na katika kibanda cha video huko Kondele, Kisumu, halafu nikawatumia wengine kiungo. Nina karatasi 61 za maoni. Wako wanaosema ni nzuri sana. Wengine wanasema inakwenda polepole, sauti haisikiki, mwisho haujaisha. Mmoja ameandika tu, "Filamu ya maskini." Nimezisoma mpaka nimechanganyikiwa. Nifuate maoni ya nani? Nimebaki na kama elfu arobaini. Nizitumie kurekebisha hii, au niiache nianze nyingine?

Jibu: Dadangu, asante kwa kuniamini na kazi yako. Nimeitazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza sikuisimamisha hata kidogo, mara ya pili nilikuwa na picha za karatasi zako mezani. Nalijibu kwanza swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usiiache. Ndani ya hizo dakika 84 mna filamu nzuri ya dakika sabini na kitu, na elfu arobaini zinatosha kuitoa humo ukizitumia kwa sauti.

Karatasi umezipanga mafungu mawili, waliopenda na wasiopenda, na nadhani hapo ndipo ulipopotelea. Mimi nimezipanga kwa mahali zilipoandikwa na kwa sehemu ya filamu inayotajwa. Picha inabadilika kabisa. Watu wako hawabishani kuhusu filamu moja. Umewaonyesha filamu mbili zilizoshonwa pamoja, na kila mtu ameihukumu ile aliyoijia.

Ya kwanza ni zile dakika sita za mwanzo. Usiku, lori limesimama kando ya barabara kuu karibu na Salgaa, vijana watatu wenye bunduki wanamshusha dereva, ngoma zinarindima, risasi zinalia, giza. Naelewa kwa nini umeiweka. Filamu nyingi za uhalifu tulizokua nazo zilianza namna hiyo. Lakini bunduki zinajionyesha kuwa za plastiki, moto wa risasi umebandikwa kwa kompyuta, na lori halisogei hata hatua moja. Baadaye tunaambiwa kwa sentensi moja kwamba kijana mmojawapo ni mpwa wa mama anayehifadhi sanduku. Baada ya hapo bunduki hazionekani tena kamwe, hadi filamu inaisha.

Ya pili inaanza dakika ya saba, mama anapovuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda na vyuma vinakwaruza sakafu ya saruji. Hapo nilisogeza kiti karibu. Aliyewahi kukaa katika chama cha namna hii analijua lile sanduku: kufuli tatu, funguo tatu kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe kwa mwanachama wa nne, ili asiwepo hata mmoja awezaye kulifungua peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa vinautumia utaratibu huo kila pembe ya nchi hii. Wewe ukautolea fumbo. Kufuli hazikuvunjwa na pesa hazipo, kwa hiyo ama watatu wamekula njama, ama kuna mmoja aliyepata kuzishika funguo zote. Fumbo hilo halihitaji bunduki wala lori. Linahitaji nyuso za wanawake wanne ambao jana walikuwa wakiitana dada, na nyuso hizo unazo.

Sasa tazama bango lako. Lina bunduki. Kijana wa Kondele ameliona mlangoni, akalipa, akaketi kungoja bunduki. Amepewa dakika sita za bunduki na saa moja na robo ya funguo. Akiandika "inaboesha" hajakosea hata kidogo. Ametueleza alichouziwa. Mama wa kanisani naye alikaza uso ule mwanzo, akaanza kufurahi sanduku lilipotokea, akaandika "nzuri sana, ila mwanzo sikuelewa." Nimehesabu karatasi tisa kutoka Nakuru zinazosema mwanzo haukueleweka. Wewe umeziweka kwenye fungu la waliopenda, ukazipita.

Jambo hili linawapata hata wenye mamilioni. Kule Marekani kuna kampuni iitwayo CinemaScore, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huwauliza watazamaji maoni yao filamu inapofunguliwa, nao huipa alama kuanzia A+ hadi F. Mwaka 2012 filamu ya uhalifu ya Killing Them Softly, iliyokuwa imeshindanishwa katika tamasha la Cannes mwaka huohuo na kusifiwa na wahakiki wengi, ilipata F. Brad Pitt alikuwemo, na watu walikwenda kumtazama akiua. Walichokuta kwa sehemu kubwa ni wanaume wanaoongea kuhusu pesa ndani ya magari na mikahawani. Alama ile inasema mengi kuhusu matarajio yaliyoingia mlangoni kuliko ufundi wa filamu yenyewe. Kwa hiyo kata zile dakika sita zote, ondoa bunduki kwenye bango, weka picha ya sanduku na kufuli zake. Utakuwa umejibu karibu theluthi moja ya malalamiko kabla hujatumia shilingi.

Hapo ndipo ninapomweka yule aliyeandika "filamu ya maskini." Najua limekuuma. Lakini hakuandika kuhusu chumba cha mabati cha yule katibu wa chama anayeuchunguza wizi, wala kuhusu kikombe chenye mpini uliovunjika. Karatasi yake ni ya Kondele, na chini ameongeza kwa herufi ndogo, "hata gari halitembei." Amekasirishwa na lori. Umaskini uliomkera ni ule wa kuazima utajiri usiokuwa nao na kushindwa kuulipia. Chumba kile cha mabati hakuna aliyekilalamikia katika karatasi zote 61.

Waelekezi waliotoka na filamu za uhalifu za pesa kidogo waliliona hilo mapema. Robert Rodriguez alipiga El Mariachi kwa dola 7,000 hivi katika mji wa Ciudad Acuña, Mexico, na akaandika hadithi kuzunguka vitu alivyokuwa tayari anaweza kuvipata mjini hapo. Mwaka 1993 filamu hiyo ilishinda tuzo ya watazamaji kule Sundance. Christopher Nolan alipiga Following, iliyotoka mwaka 1998, kwa dola 6,000 hivi. Walikuwa wakipiga siku za wikendi kwa muda wa kama mwaka mzima, wakifanya mazoezi mengi kabla ya kuwasha kamera ili wasiharibu mkanda, na mwizi wake anaingia tu katika nyumba za watu na kupekua vitu vyao. Katika Reservoir Dogs ya mwaka 1992, Quentin Tarantino ana wizi wa almasi ambao hatuuoni kabisa. Tunawaona wezi katika bohari wakilaumiana. Hapa kwetu, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na David Gitonga, ina magenge, wizi wa magari na risasi, lakini nikikutana na watu walioiona wanachokumbuka kwanza ni yule kijana anayetaka kuwa mwigizaji. Wewe tayari una wizi usioonekana. Unahofia nini hata ukaufunika kwa lori?

Tuje kwa sauti, maana hapa sikubembelezi. Karatasi 27 zinataja sauti, za Nakuru na za Kondele, za waliopenda na wasiopenda. Lalamiko linapotoka kila upande namna hiyo, usilipime, litengeneze. Mtazamaji ataisamehe picha yenye chenga ndani ya dakika tano, macho yake yakazoea. Sauti haisamehewi, na katika filamu ya uhalifu hasara ni maradufu kwa sababu neno moja ndilo ushahidi. Dakika ya 40 mwenyekiti anasema, "Ufunguo wangu haujatoka shingoni tangu Jumapili." Nimelirudia mara nne kulisikia. Boda boda inapita palepale kwenye "Jumapili." Asiyelisikia neno hilo hawezi tena kulitatua fumbo lako, na hawezi hata kujua kwamba hawezi. Atasema tu kwamba filamu haieleweki.

El Mariachi ilipigwa kwa kamera isiyonasa sauti. Rodriguez alirekodi maneno ya waigizaji palepale baada ya kupiga picha, kwa kinasa sauti cha kawaida, kisha akayapatanisha na midomo wakati wa kuhariri, akikata picha pale yalipokataa kulingana. Wewe pia unaweza. Tafuta chumba chenye magodoro na mapazia mazito. Katika kazi zangu hapa Kisumu nimetumia kabati la nguo la dadangu mara kadhaa, mwigizaji amesimama katikati ya makoti, blanketi mgongoni. Chagua asubuhi, maana huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri na jioni, na juu ya mabati huwezi kushindana nayo. Warudishe waigizaji wanne wakuu siku mbili, walipe nauli na chakula, waseme upya yale maneno yaliyozama. Nimeorodhesha sentensi 38 na nitakutumia. Halafu rudi kila nyumba mliyopigia, zima kila kitu, waambie watu wanyamaze, urekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa jikoni si ukimya wa uwanjani, na huo ndio utakaoutandika chini ya maneno mapya yasisikike kama yametoka redioni. Pesa itakayobaki mpe fundi wa sauti asawazishe filamu nzima. Akimaliza, isikilize kwa spika ya simu ndani ya matatu. Ukilisikia neno "Jumapili" kati ya Nakuru na Njoro, umefaulu.

"Inakwenda polepole." Karatasi 14, na 11 kati yake ni za Kondele. Ungekuwa umenifuata kibandani ningekuonyesha sababu ya kwanza. Watu wa vibanda vya video wamelelewa na sauti ya tatu. Filamu ya kigeni inapochezwa pale, mtafsiri kama DJ Afro huwa juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anawapa wahusika majina, anawaonya, anawacheka, anatabiri. Hakuna ukimya hata wa sekunde kumi. Wewe umewaletea katibu aliyekaa dirishani dakika nne nzima akiutazama mlango wa jirani, bila neno. Kwa mtu wa kibanda, huo si ukimya, ni hitilafu ya mitambo. Tena uliniambia kwamba baada ya filamu palikuwa na mechi, na nusu ya watu walikuja mapema kushika viti. Kwa hiyo malalamiko kuhusu dakika zile nne yapokee kwa heshima, lakini usizikate. Katika ukumbi wa kanisa hakuna hata mmoja aliyezilalamikia, na mmoja ameandika, "Hapo kwa dirisha nilikuwa naogopa." Ndilo onyesho bora zaidi ulilopiga.

Lakini kuna upole wa kweli, nao uko kwingine. Dakika ya 52 hadi 58, katibu anawahoji wenye funguo mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anatueleza jambo jipya. Wa pili anatueleza tunayoyajua. Wa tatu anarudia ya wa pili kwa machozi. Katika filamu ya uhalifu, mtu akisema "polepole" mara nyingi hazungumzii mwendo. Anasema, "Nimeshajua, na mpelelezi bado." Tazama mchoro wa kiungo ulionitumia, ule unaoonyesha watu wanaondoka dakika ipi. Umeporomoka mara mbili, kwenye lori na hapa. Pale dirishani haukushuka. Mahojiano ya pili yaondoe mzima mzima, ya tatu yaanzie kwenye machozi.

Mambo madogo nayapita haraka. Yule kijana aliyeandika kwamba mpwa hawezi kulala seli siku nne bila kufikishwa kortini ana haki, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema saa 24, isipokuwa muda huo uishie nje ya saa za korti. Tunajua pia yanayotendeka mitaani. Usibadilishe siku nne, ila wakati wa kurekodi sauti mpe mama yake mpwa sentensi moja ya kuulizia hizo saa 24, akiwa ameipa kamera mgongo. Lalamiko litageuka kuwa sehemu ya hadithi. Sare ya polisi wako ni ya zamani, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2018. Punguza picha zake, usipige mpya. Na wale waliouliza kwa nini akina mama hawakuweka pesa kwa simu au benki, wajibu kwa kitu ambacho chama chochote kinakijua: kesho yake ilikuwa siku ya kugawana, pesa za mwaka mzima zilikuwa zimekusanywa sandukuni tayari kuhesabiwa. Umeitaja siku hiyo dakika ya 63. Ihamishie dakika ya tisa, ambako inahitajika.

Kuna karatasi moja uliyoiweka chini kabisa ya rundo. Imetoka Kondele, maandishi ya mtu mzima, kalamu ya bluu: "Mbona wezi wote ni wa kwetu, na wenye akili wote ni wa kwenu?" Umeandika pembeni, "Mmoja tu, siasa." Dadangu, hapa nakusihi. Hiyo ndiyo karatasi nzito kuliko zote 61. Katika filamu yako mpwa anaitwa Otieno, rafiki yake anaitwa Odhiambo, majina ya Kijaluo. Katibu, mwenyekiti na afisa mwema wana majina ya upande mwingine. Najua hukukusudia. Uliwapa wahusika majina ya waigizaji wenyewe ili wasisahau, uliniambia. Lakini mtazamaji haoni nia yako, anaona orodha. Na orodha hiyo imepigwa Nakuru, mji ambao Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu walichomewa nyumba na kuuawa kwa ajili ya jina tu. Wapo watu Kondele waliofika wakiwa na mizigo kichwani kutoka hukohuko. Filamu ya uhalifu inatoa tuhuma, ndiyo kazi yake. Jina linapotangulia tendo, tuhuma inaenea kwa wote wanaoitwa hivyo.

Usilitengeneze kwa hesabu, kwamba mwizi mmoja wa huku na mwingine wa kule. Watu wataiona hiyo hesabu vilevile. Vijana wa aina ile mtaani hawaitani majina ya nyumbani hata hivyo. Wana majina ya mtaa, ya mpira, ya kazi, ya alama mwilini. Nimefuatilia: majina hayo mawili yanatamkwa mara tisa, na mara sita kati ya hizo msemaji haonekani mdomo. Kwa kuwa unarekodi sauti upya, unaweza kuyabadilisha yote sita bila kupiga picha, na yale matatu yaliyobaki mawili yamo katika mahojiano unayoyakata. Huo ni mchana mmoja wa kazi. Nimewahi kukata filamu ya mtu mwingine na nikaliona jambo kama hili nikanyamaza, nikidhani si mahali pangu kusema. Tulipoionyesha Nyalenda, safu nzima ya nyuma ilisimama na kutoka bila kelele. Sikupata karatasi yoyote ya maoni kutoka kwao. Wewe umepata moja.

Kuhusu mwisho. Karatasi 19 zinasema haujaisha. Ulitishika ukafikiria kupiga onyesho la polisi wakimkamata mhifadhi sanduku. Nimezisoma hizo 19 polepole. Nane kweli zinataka pingu. Nayaelewa matakwa hayo, maana watu wetu wamechoka kuona wezi wakipunga mkono kwenye magari, na wangependa angalau kwenye sinema mambo yawe tofauti. Lakini hadithi yako haiko hapo. Katibu ameijua kweli, akina mama wamechangishana upya, siku ya kugawana imefanyika, naye anahesabu noti mbele ya mwizi na kumpa fungu lake akimtazama machoni. Afadhali nikatwe kidole kuliko kuona mwisho huo ukibadilishwa.

Zile 11 nyingine hazitaki pingu. Zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Ufunguo wa tatu je?" "Wa mwenyekiti aliupataje?" "Sabuni ina alama mbili tu." Hawa wamekutazama kama wanachama wanaosikiliza hesabu za chama, na hesabu yako ina pengo. Umetuonyesha mche wa sabuni ambamo mhifadhi aligandamiza funguo ili akachongeshe nyingine, na ninaposimamisha picha naona alama mbili. Mwenyekiti ameapa kwamba wake haukutoka shingoni tangu Jumapili. Kwa hiyo kufuli ya tatu ilifunguliwa na nani? Mwisho ulio wazi na deni ambalo halijalipwa ni vitu viwili, na mtazamaji anavihisi tofauti hata kama kwenye karatasi anaandika neno lilelile.

Tena jibu unalo, umelipiga na hukulitumia vizuri. Dakika ya 22, Jumamosi, mwenyekiti anaogesha mtoto nyuma ya nyumba, mhifadhi amekaa jikoni akinywa chai, na juu ya bega lake, kwenye msumari ukutani, unaning'inia ufunguo wenye utepe mwekundu. Jumamosi! Kabla ya ile Jumapili ya kiapo. Nilipouona mara ya pili nilipiga meza. Lakini picha hiyo haimalizi sekunde mbili, na kamera imelenga kikombe, ufunguo uko ukungu. Irefushe ifike sekunde nne kama una mkanda wa kutosha kabla na baada. Ikiwa huna, chukua msumari, utepe na ukuta wowote wa rangi ile, upige upya mkono tu na ufunguo. Halafu nunua mche mwingine wa sabuni, ubonyeze funguo tatu, upige picha ya karibu ya alama tatu, mkono wa mtu yeyote mwenye kucha kama zake. Gharama yake ni sabuni. Hizo karatasi 11 zitakuwa zimejibiwa, na hutakuwa umemkamata mtu.

Za sifa nazo zisome kwa makini kama ulivyosoma za lawama. Watu wa kanisani wanakujua, wengine walikuona ukibatizwa. "Mungu akubariki binti yetu" ni baraka, ipokee, lakini haikuambii kitu kuhusu dakika ya 52. Hata mitandaoni filamu ndogo huanza na alama za kumi kutoka kwa jamaa, kisha alama za moja kutoka kwa wageni waliokasirika, na wastani wake haumwelezi mtu yeyote. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes ambayo kila mtu huitaja huhesabu tu wangapi wameipokea vizuri, haisemi wameipenda kiasi gani, kwa hiyo filamu ambayo wote wameiona ni sawasawa tu inaweza kuipita ile iliyowagusa wachache mpaka mifupani. Karatasi za wazazi watatu waliokasirishwa na kisu mbele ya watoto wao haziihusu filamu, zinamhusu aliyekuwa mlangoni. Maonyesho ya hadhara yanahitaji filamu iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Fanya hivyo kabla ya onyesho lijalo, na wakikupa 16, iandike kwenye bango kwa herufi kubwa na uwarudishe watoto nyumbani.

Utakapoionyesha tena usiulize, "Umeipenda?" Waulize mambo mawili tu wakiwa wanatoka: nani aliiba, na ni wapi waliacha kuamini. Wewe mwenyewe usikae nyuma ukitazama filamu. Kaa mbele pembeni, ugeuke uwatazame wao. Katika giza la ukumbi utaona simu zikiwaka, moja, mbili, halafu saba kwa mpigo. Andika dakika. Simu saba zikiwaka pamoja zimekupa maoni ambayo hakuna atakayeyaandika kwenye karatasi.

Rudi Kondele pia, katika kibanda kilekile, lakini siku isiyo na mechi, na umwombe mwenye kibanda amtafute yule mtu mzima wa kalamu ya bluu. Mpe kiti cha mbele, na baada ya filamu mnunulie chai umsikilize. Nami nijulishe tarehe, nitafika.